Kwa nini Megakles alimgeuka mkwe wake

Ndugu, umeuliza inakuwaje Megakles, kiongozi wa ukoo mkubwa wa Athens ya Ugiriki ya kale, amsaidie Peisistratos, mtawala wa kimabavu aliyekuwa amepinduliwa, kurudi madarakani Athens, halafu amfukuze. Jibu limo chumbani. Sharti la msaada ule lilikuwa Peisistratos amwoe binti wa Megakles. Akamwoa, lakini tayari alikuwa na wana wakubwa, na ukoo wa mkewe, Alkmeonidai, ulisemwa kuwa na laana tangu ulipolaumiwa kwa kuwaua wafuasi wa Kylon, Mwathene aliyejaribu kutwaa madaraka, baada ya wao kukimbilia hifadhi kwa miungu. Hakutaka mtoto wa damu hiyo. Anavyosimulia Herodotos, mwanahistoria Mgiriki wa kale, Peisistratos alimwingilia mkewe kwa namna isiyoweza kumpa mimba. Binti akamweleza mama yake, mama akamweleza mumewe.

Hapo ndipo palipoharibika. Binti alitolewa ili koo mbili zikutane katika mjukuu, na mjukuu akikataliwa, mapatano yote yamevunjwa. Megakles alijiona amevunjiwa heshima, akapatana na mahasimu wake wa jana, na Peisistratos akakimbilia Eretria, mji mwingine wa Kigiriki, pamoja na wanawe.

Ndoa nyingine ilimfaa huko uhamishoni. Alikuwa pia amemwoa mwanamke wa Argos, mji wa kusini mwa Ugiriki, na wapiganaji wa Argos walikuwa miongoni mwa waliomsaidia alipotua Marathon, pwani ya karibu na Athens, yapata mwaka 546 KK na kuitwaa Athens tena.

Mimi anayeniuma zaidi ni yule binti. Ugomvi mzima ulipita mwilini mwake, na Herodotos hata jina lake hakulitaja.