Ameunganisha mataji "ya uzani tatu"?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Hapa Langoni, Lamu, tumebishana barazani juu ya sentensi ya mtangazaji mmoja wa ndondi, akimtaja Terence Crawford, bondia wa Marekani: "Crawford ameunganisha mataji ya uzani tatu." Mwenzangu asema ni Kiswahili safi. Mimi yanikera, ila sijui kwa nini.

JAWABU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Uzani, kama uzito na urefu, hauna wingi wala hauhesabiki. Hesabu madaraja: madaraja matatu ya uzani.

Kinachokukera zaidi, nadhani, ni "ya". Ukisema mataji ya madaraja matatu yameunganishwa, msikilizaji hudhani la kilo 63.5, la 66.7 na la 76.2 yametiwa pamoja likatoka moja. Ndondi haziendi hivyo. Kuunganisha hufanyika ndani ya daraja moja: WBA, WBC, IBF na WBO kila shirika lina mkanda wake, na bondia huikusanya yote minne. Akipanda daraja, huanza upya. Crawford alikamilisha kazi hiyo kwa kumshinda Julius Indongo wa Namibia mwaka 2017, Errol Spence 2023, na Canelo Álvarez 2025. Basi ni "katika madaraja matatu".

Kitenzi chenyewe sina ugomvi nacho. Wapo wasemao huwezi kuunganisha ikiwa mikanda yabaki minne. Mafundi wa majahazi kule Matondoni huunganisha mbao, na ubao haukomi kuwa ubao.

Ila kuna jambo ambalo nyote wawili hamkuligusa: "-me-". Kiambishi hiki hudokeza kuwa hali ingalipo. Mlango "umefungwa" hadi sasa. Mikanda haina subira hiyo! Crawford alimpiga Indongo Agosti 2017, na mwezi haukwisha kabla hajauachia mkanda wa IBF. Oleksandr Usyk, bondia wa uzani wa juu, naye alimshinda Tyson Fury Mei 2024 akapata yote minne, Juni akauachia huohuo wa IBF, akaja kuurudisha Julai 2025 kwa kumwangusha Daniel Dubois. Asubuhi baada ya pambano, "ameunganisha" ni sawa kabisa. Mkanda mmoja ukishatoka, sema "aliunganisha", au "amewahi kuunganisha".

Ndiyo maana silipendi jina aitwalo mwenye mikanda yote minne, "bingwa asiyepingika", ambalo lamaanisha kumpinga hakuwezekani. "Asiyepingwa" latosha: kwa sasa hayupo wa kumpinga.

Kwa hiyo: "Crawford aliunganisha mataji katika madaraja matatu ya uzani." Mwenzako mpe alama ya kitenzi tu.