Mtu wa timu nane

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, ila goti la baba yako tu. Juzi kwenye simu uliniambia mkataba haukuongezwa, hii mara ya tatu, ukaniuliza: "Mama, mtu anayehamishwahamishwa si maana yake hatakiwi?" Nilikuwa na sufuria motoni, nikakujibu ovyo. Ngoja nikujibu sawasawa.

Unakumbuka kazi yangu ya usiku kule Cleveland, kwenye nyumba ya wazee? Mzee mmoja alinifundisha besiboli nitake nisitake. Aliponiambia Rajai Davis, mchezaji wa Cleveland, ni mwizi hodari, nilidhani anamsingizia mtoto wa watu. Kumbe kuiba ni kuchomoka kwenda besi inayofuata, yaani kituo kinachofuata cha kuzungukia uwanjani, kabla hawajakuwahi. Mwaka ule wa 2016, akiwa na miaka 35, Davis aliiba besi 43, na katika Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili kubwa za kule, hakuna aliyemfikia.

Huyo, timu kubwa zilipogawana wachezaji chipukizi kwa zamu mwaka 2001, alichaguliwa raundi ya 38. Ya 38! Ni kuitwa jina watu wanakunja mikeka. Akasota ligi ndogo hadi 2006, Pittsburgh walipompandisha. Kisha San Francisco, Oakland, Toronto, Detroit, ndipo Cleveland. Waliokaa naye sana walikaa naye misimu mitatu. Lakini kila aliyemchukua alijua anachofuata: miguu. Gongo lake la kupigia mpira halikumtisha mtu.

Sasa fainali ya 2016, Cleveland yetu na Chicago, mchezo wa 7, wa kuamua bingwa. Cubs wa Chicago wanaongoza 6–4, na anayerusha ni Aroldis Chapman, aliyewahi kurusha mpira kwa maili 105 kwa saa. Mimi namvisha mzee soksi. Davis kalikamata gongo juu kabisa, kama anayeshika mwiko karibu na kichwa chake. Mzee akaguna, "Huyu si wa kupiga." Mpira ukavuka ukuta wa kushoto, pointi mbili. 6–6! Mzee wa kuinuliwa na watu wawili akaketi mwenyewe, soksi mguu mmoja.

Tulifungwa 8–7 usiku uleule. Na msimu uliofuata Davis hakuwa Cleveland tena, alikuwa amerudi Oakland. Pigo kama lile, na bado halikumbakisha. Kwa hiyo usipime thamani yako kwa mkataba, na wala sitakuambia haiumi.

Mwaka 2019, ana miaka 38, yuko ligi ndogo Pennsylvania, Mets wa New York wakampigia simu. Akapanda Uber, dola 243 (mimi ningeshuka njiani), akafika mchezo umeshaanza. Wakamwingiza mwishoni, na mara yake ya kwanza kupiga akiwa Mets akautoa mpira uwanjani, pointi tatu. Mets walikuwa timu yake ya nane.

Yale maombi ya kazi uliyosema unasita kuyatuma, yatume. Na lile begi kubwa la bluu usilirudishe kwanza, kaa nalo.

Mama yako