Maswali yenu ya biashara: mauzo yapo ila hela haionekani

Wiki hii wengi mmeuliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: biashara inatembea lakini haikui. Naanza na mama wa Mbeya kwa sababu ametuma na hesabu.

Nauza mchele, kwa siku nauza kama kilo 150 kwa 2,600, nanunua 2,400. Mauzo yanafika 390,000 lakini mtaji unapungua na wala sijaibiwa. Shida nini?

Shikamoo mama. Hapo hujaibiwa kweli, hesabu yako mwenyewe ndo inakula. Kwenye hiyo 390,000 hela yako ni 30,000 tu, yaani 200 kwa kila kilo, iliyobaki yote ni ya mchele wa kesho. Kwenye hesabu uliyotuma, nyumbani inaenda 20,000, kijana unampa 7,000, na fremu ya 150,000 kwa mwezi ni sawa na 5,000 kwa siku. Jumla 32,000. Kwahiyo kila siku unachota 2,000 kwenye mtaji na huioni kwa sababu droo muda wote ina noti, mwezi ukiisha 60,000 imeondoka, mwaka ni zaidi ya laki saba, hapo hata bodaboda na ushuru wa gunia hatujagusa. Fanya hivi: ukifunga duka jioni, toa kwanza hela ya mchele uweke kwenye laini ya simu ambayo huitumii kwa kitu kingine, alafu matumizi ya nyumbani yatoke kwenye ile 30,000 tu, ujipange na 15,000 mpaka mauzo yapande. Na andika mama, hata daftari la shule linatosha, safu tatu: nimenunua, nimeuza, nimetoa. Hiyo ya tatu ndo watu wengi hawaandiki na ndo inayoua biashara nyingi.

Niko na duka Kisumu, stock imejaa lakini sales zimesimama. Niongeze bidhaa gani?

Usiongeze kwanza. Kuna utafiti ulifanyika kwa wafanyabiashara wadogo hapo hapo Kenya, ukatoka 2014, ukakuta wanapoteza mauzo sababu hawana chenji tu, na hasara yake ni kama asilimia 5 mpaka 8 ya faida yao. Chenji! Mteja anakuja na noti ya elfu asubuhi, unamwambia sina, anavuka barabara, na huko anakovuka anazoea. Kwa wiki moja weka alama kila mteja anapotoka mikono mitupu na sababu yake: chenji, bidhaa imeisha, bei, au duka lilikuwa limefungwa. Ukishaona sababu inayojirudia ndo utajua hela uipeleke wapi.

Saluni yangu Mwanza imejaa wateja, nataka kufungua tawi la pili. Nikope?

Swali lako la kwanza lisiwe mkopo dada, liwe nani atashika tawi. Watafiti walienda kwenye viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, wakakuta ukubwa wa kampuni unaenda na idadi ya wanaume wa familia, kwa sababu wenye mali hawamwamini mtu wa nje kwahiyo ndugu wakiisha na kukua kunaisha. Walipofundishwa kuandika stoku, kuangalia kasoro kila siku na kutunza mashine, tija ya uzalishaji ilipanda asilimia 17 mwaka wa kwanza, na baadaye wakafungua viwanda zaidi. Sasa wewe ondoka saluni wiki mbili nzima, usipige simu kila saa, ukirudi linganisha dawa zilizotumika na vichwa vilivyohudumiwa. Zikiendana una mtu wa kumkabidhi. Zisipoendana, tawi la pili litakuwa shimo la pili.

Nimepata mkopo wa kausha damu wa 300,000 ya balo la mitumba, narudisha 15,000 kila siku kwa siku 26. Ni sawa?

Hapana mdogo wangu. Unarudisha 390,000, na kwa sababu unaanza kulipa kesho yake, ile laki tatu huwi nayo kamili hata siku mbili. Siku ya kumi ushatoa 150,000 na balo labda halijauzwa hata nusu. Kama hujasaini, acha. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako kuhusu mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ulisimama 2023 ukarudi 2024, hauna riba, ila unahitaji kikundi kilichosajiliwa na uvumilivu.

Natengeneza unga wa lishe, supermarket inataka paketi 200 kwa wiki kwa 3,000 lakini inalipa baada ya wiki sita. Paketi inanigharimu 2,200 na mtaji wangu 1,200,000.

Hongera sana, ila piga hesabu kwanza. Paketi inakugharimu 2,200, kwahiyo wiki moja ni 440,000, wiki ya tatu huna hela ya kununua soya na bado wiki tatu ndo ulipwe. Waombe uanze na paketi 50: wiki sita ni 660,000, unabaki na 540,000 ya kuuza taslimu kwa wateja wako wa mtaani, na usiwaache hao. Kama huna alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, anzia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wako, wana uzoefu na wazalishaji wadogo. Siku ya malipo hakikisha imeandikwa kwenye mkataba, tarehe kabisa, na nakala ubaki nayo.