Hukupandishwa cheo kwa bahati

Dada yangu, unasema tangu upandishwe cheo unangoja tu siku watakapogundua kwamba huiwezi kazi. Pole. Hofu hiyo inajulikana: mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza walipoandika kuhusu wanawake waliofaulu sana lakini wakajiona wadanganyifu. Basi usiifanye ushahidi dhidi yako.

Anza daftari. Kila kazi ikienda vizuri, andika wewe hasa ulifanya nini: uligundua kosa gani, ulimshawishi nani. Usiandike "nilijitahidi", hilo halikusaidii. Ukisifiwa, sema asante, kisha nyamaza. Usiongeze "ni bahati tu". Usipolijua jambo, uliza mapema, hata wazoefu huuliza. Na mweleze mwenzako mmoja unayemwamini. Huenda naye anapitia hayohayo.