Maswali na majibu: rangi sahihi za modeli za magari ya kijeshi

Nimenunua seti ya kifaru cha Marekani cha M1A1, cha vita vya Ghuba vya mwaka 1991. Maelekezo yanataja rangi namba 33446. Nimepata vichupa viwili vya kampuni tofauti, vyote vikiwa na namba hiyo, lakini rangi zake zikikauka hazifanani. Nitumie kipi? (Msomaji wa Kizota, Dodoma)

Kwanza tuisome namba yenyewe. Imetoka katika kiwango cha rangi cha serikali ya Marekani kilichoitwa Federal Standard 595, kilichotolewa mwaka 1956, na ambacho nafasi yake ilichukuliwa mwaka 2017 na kiwango cha AMS-STD-595. Tarakimu ya kwanza hueleza mng'ao: 1 ni rangi inayong'aa, 2 ni inayong'aa kiasi, na 3 ni isiyong'aa. Tarakimu ya pili hutaja kundi: 0 ni kahawia, 3 ni manjano, 4 ni kijani, na 7 hukusanya nyeusi, nyeupe na nyinginezo. Tatu zinazobaki huonyesha kwa makadirio jinsi rangi ilivyokolea, na kadiri zinavyopanda ndivyo rangi inavyozidi kuwa nyepesi. Kwa hiyo 33446 ni rangi ya mchanga isiyong'aa, ya kundi la manjano, ilhali 34094, ambayo utakutana nayo kwenye magari mengine ya Marekani, ni kijani kilichokolea.

Namba hiyo ni ya kipande rasmi cha kulinganishia, si ya kichupa. Kampuni inapoiandika kwenye lebo inamaanisha kwamba rangi yake inakaribia kipande hicho, na wapo watengenezaji wanaoififisha makusudi kwa ajili ya modeli. Paka rangi zote mbili kwenye kipande cha plastiki, ziache zikauke usiku kucha, kisha uzitazame asubuhi karibu na dirisha na tena usiku chini ya taa, kwa kuwa rangi mbili zinaweza kufanana kwenye mwanga wa jua na kutofautiana kwenye mwanga wa taa. Baada ya hapo chagua ile inayokaribia picha za kifaru chenyewe.

Nakuomba pia uchunguze kifaru chako kilitoka wapi. Magari mengi yaliyohamishwa kutoka vikosi vya Marekani vilivyokuwa Ujerumani yalikuwa na mabaka ya kijani, kahawia na nyeusi, na yalipakwa rangi ya mchanga yalipofika Saudi Arabia. Kwa gari la namna hiyo, kijani kinachochungulia mahali rangi ilipochubuka ni sehemu ya ukweli wake.

Leopard 2 ya Ujerumani ni ya kijani kitupu au ya rangi tatu? (Msomaji wa Singida)

Inategemea mwaka. Vifaru vya kwanza vya aina hii vilikabidhiwa kwa jeshi mwaka 1979, vikiwa na rangi moja ya kijani chenye unjano, RAL 6014 (RAL ni kiwango cha rangi cha Ujerumani). Katikati ya miaka ya 1980 yakaja mabaka ya rangi tatu: kijani RAL 6031, kahawia RAL 8027 na nyeusi RAL 9021. Hiyo nyeusi usiitoe kwenye kichupa bila kuichanganya, kwa sababu kwenye modeli nyeusi tupu hufuta vivuli vyote. Iongezee kijivu kidogo.

Shikamoo mwalimu. Nilifuata namba zote bila kukosea hata moja, lakini gari langu limekuwa jeusi kuliko lile la kwenye picha. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Mpwapwa)

Marahaba, mwanangu. Hukukosea namba, umesahau umbali. Modeli ya kipimo cha 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko gari halisi, ukiitazama ukiwa sentimita 30 kutoka machoni, ni sawa na kulitazama gari halisi ukiwa umbali wa mita 10 na nusu, na kwa kipimo cha 1/72 umbali huo unazidi mita 21. Hewa na vumbi vilivyo kati ya jicho na gari hufifisha rangi, tena modeli ni ndogo na inapokea mwanga wa chumbani, si wa jua la mchana. Ndiyo maana mafundi huongeza rangi nyepesi kidogo kwenye ile ya asili, na huongeza zaidi kadiri modeli inavyokuwa ndogo. Kwa kijani napendelea kuongeza rangi ya mchanga badala ya nyeupe, kwa kuwa nyeupe hukifanya kijani kionekane kama chaki.

Usiiamini sana picha moja ya simu. Kamera hujirekebishia mwanga yenyewe, na gari lile lile huonekana la samawati kivulini na la manjano jioni. Kusanya picha kadhaa, utafute ndani yake kitu unachokijua rangi, kama tairi au herufi nyeupe, kisha upime kwa kulinganisha nacho. Picha za magari ya JWTZ zitafute zilizochapishwa magazetini baada ya magwaride ya sherehe za taifa. Usiende kupiga picha kambini, kwa sababu ni marufuku.

Naweza kuchanganyiwa rangi kwenye duka la rangi za magari? (Msomaji wa Manyoni)

Unaweza, na kwa sisi tulio mbali na Dar es Salaam njia hiyo huokoa muda mwingi. Lakini thina ya rangi za magari huyeyusha plastiki ya modeli. Paka praima kwanza, yaani rangi ya msingi ya kushikiza nyingine, kisha pulizia tabaka nyembamba sana, moja baada ya nyingine, ukisubiri kila moja ikauke, na ujaribu kwanza kwenye kipande kisicho na kazi. Mwombe fundi rangi isiyong'aa. Akiwa hana, malizia na vanishi isiyong'aa. Kama unatumia rangi za maji wakati wa kiangazi chetu, ongeza kichelewesha ukaukaji, la sivyo matone hukauka hewani na kutua yakiacha uso unaokwaruza kama msasa.

Ninatengeneza gari la deraya la walinda amani wa Tanzania nchini Kongo. Nyeupe ya Umoja wa Mataifa ni ipi, na je, udongo wa hapa kwetu unafaa kuwa vumbi lake? (Msomaji wa Kondoa)

Swali lako limenifurahisha, kwa kuwa askari wetu walipelekwa katika brigedi iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Machi 2013, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, na wanastahili modeli iliyofanywa kwa uangalifu. Anza na praima ya kijivu hafifu, kisha nyeupe iliyotiwa tone la rangi ya kijivu au ya maziwa, kwa tabaka nyembamba tatu au nne. Ukiiweka nzito mara moja itaziba mistari yote. Herufi za UN ni nyeusi. Kwa kuwa magari huwa na rangi ya jeshi la nchi kabla ya kupakwa nyeupe, michubuko michache kwenye kingo za milango na ngazi iwe ya kijani.

Udongo wa Dodoma, ule mwekundu hasa, uuweke kwa ajili ya magari ya huku. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, imekaa chini ya volkano ya Nyiragongo, na ardhi yake ni ya lava nyeusi. Vumbi la deraya iliyokuwa huko liwe la kijivu kilichokolea. Saga mkaa pamoja na chaki, chekecha kwa kitambaa chepesi, kisha upake kwa brashi kavu ukianzia kwenye magurudumu kwenda juu, ukipunguza kadiri unavyokaribia paa.