Kabla hujalipia 240Z iliyokarabatiwa

Vijana wanaoanza kupenda magari ya zamani hunitumia picha. Datsun 240Z nyekundu (Datsun ni jina ambalo Nissan waliliuzia magari yao zamani), imepigwa polishi mpaka mawingu yanaonekana kwenye boneti, na chini yake swali moja: "Bei hii ni halali?" Kwa picha sijibu. Picha inaonyesha rangi, na kwenye gari la miaka hamsini na kitu lililofanyiwa ukarabati, rangi ndiyo hupakwa mwisho na ndiyo hufunika mengi. Unachonunua ni bati lililo chini ya rangi hiyo, pamoja na ushahidi wa jinsi lilivyotengenezwa. Ushahidi usipokuwepo, lihesabu kuwa ni gari ambalo halijakarabatiwa, na bei yake iwe hiyo hiyo.

Nazungumzia 240Z kwa sababu ndiyo ninayoulizwa zaidi, na huku kwetu si ajabu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally ya 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo tena akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Historia hiyo imepandisha bei, na imezaa hadithi. Ukiambiwa gari "lilikimbia Safari", omba picha za wakati ule na karatasi za mashindano zenye namba ya usajili. Ukiambiwa ndilo lile lile la 1971, cheka kwa heshima: la Herrmann liko kwenye hifadhi ya magari ya Nissan huko Zama, Japani.

Kwanza elewa pesa. Gari hili lilipoingia sokoni Marekani liliuzwa kama dola 3,500. Katikati ya miaka ya 1990, Nissan ya huko ilikusanya 240Z kuukuu, ikazikarabati na kuziuza kupitia mawakala wake kwa zaidi ya dola 20,000 kila moja. Zilitoka chache tu, mpango ukafungwa, maana kila gari lilimeza fedha kuliko ilivyotarajiwa. Basi kama mtengenezaji mwenyewe hakuweza kupata faida, jiulize huyu muuzaji wako aliyekarabati "kila kitu" anawezaje kuliachia kwa bei ya chee. Kuna kazi imerukwa mahali, na kwa kawaida ni ile isiyoonekana.

Upande wa pili wa hesabu hiyo unakufaa wewe. Mtu aliyekarabati gari kwa uaminifu huwa ametumia kuliko atakachorudishiwa sokoni. Akikutajia bei kubwa na ana risiti, bado yawezekana unapata nafuu kuliko kununua mkweche na kuanza upya. Nikipewa kuchagua, nachukua la bei kubwa lenye faili la karatasi.

Utasikia pia watu wakitaja 240Z ya 1971 iliyouzwa dola 310,000 kwenye mnada wa mtandaoni Januari 2020. Ni kweli iliuzwa. Lakini ile ilikuwa imetembea maili elfu ishirini na kidogo tu, na watu waliilipia kwa sababu haikuwa imechokonolewa. Muuzaji wa gari lililobadilishwa sakafu na kupakwa rangi upya asikupimie kwa kipimo hicho.

Siku ya kukagua, nenda asubuhi, gari likiwa kavu, uvae nguo za kuchafuka. Mpigie muuzaji simu kabla umwambie asiliwashe. Ukifika, baada ya salamu, weka kiganja juu ya injini.

"Mzee, mbona ina joto?"

"Aa, nililitoa tu kulisogeza kivulini, kijana wangu."

Inawezekana. Inawezekana pia halipendi kuwaka likiwa la baridi. Chukua muda, kunywa chai, subiri lipoe, maana una kazi ya kutosha kabla ya kufika kwenye injini.

Anza na namba. Namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, na inajirudia kwenye kibati kilichofungwa ndani ya boneti. Herufi za mwanzo zinasema mengi. HS30 ni ya usukani wa kulia yenye injini ya lita 2.4; HLS30 ni ya usukani wa kushoto. Ukikuta HLS30 na usukani uko kulia, umehamishwa, na utataka kujua nani aliuhamisha na bati alilikataje. S30 tupu ni Fairlady Z, jina la gari hili huko Japani, ya lita 2. PS30 ndiyo Z432, yenye injini ya S20 ya familia ya Skyline GT-R, gari la kasi la Nissan. Zilitengenezwa mia nne na ushei tu, kwa hiyo anayekuuzia moja atoe ushahidi wa kutosha kujaza meza. Kuna pia zilizovalishwa pua ndefu ya 240ZG, toleo la Japani. Pua hiyo hununuliwa na kufungwa kwenye gari lolote la aina hii, kwa hiyo yenyewe peke yake haithibitishi kitu.

Namba ya injini huanza na L24. Ukikuta L28, injini imetoka kwenye gari jingine, labda hata Patrol, maana Nissan waliisambaza familia hiyo ya injini kwenye magari yao mengi. Si dhambi. L28 ina sentimita za ujazo 2,753 dhidi ya 2,393, na gari huvuta vizuri zaidi. Bei tu ndiyo isiwe ya gari lenye injini yake ya kuzaliwa.

Linganisha namba zote na logbook kama uko Kenya, au kadi ya gari kama uko Tanzania. Kama namba ya ukutani imesagwa, au kibati kimefungwa kwa riveti mpya zinazong'aa, ishia hapo. Na kama gari bado liko nje ya nchi, muone wakala wa forodha kabla ya kutuma hata senti: Kenya kwa kawaida ina ukomo wa miaka 8 kwa magari yaliyotumika, na Tanzania gari kuukuu hulipiwa ushuru wa ziada.

Sasa bati. Hapa ndipo utumie nusu ya muda wako, na ikibidi zaidi. Omba gari liinuliwe. Gereji yenye shimo ni bora, lakini jeki na stendi imara zinatosha. Muuzaji akisema haina haja, chini ni safi, mshukuru na uage.

240Z haina chasisi ya kujitegemea kama ya pikapu. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na uti wake ni mihimili miwili ya bati lililokunjwa, inayoanzia mbele kandokando ya injini na kupita chini ya sakafu kuelekea viti. Ndani ni mitupu. Maji yakiingia hukaa humo, na kutu hula kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo siku unapoiona kazi imeshaisha. Igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma. Bati zima lina mlio mkavu unaofanana njia nzima. Palipooza au palipojazwa kitu mlio hufifia. Angalia pia kama imepondwa na jeki, jambo la kawaida sana kwenye magari haya.

Tafuta alama za kiwandani. Bati mbili zilipounganishwa kiwandani ziliachwa na vidoti vya duara, vidogo, vimejipanga kwa mstari. Pitisha kidole utavihisi hata chini ya rangi. Mahali ambapo vidoti vinakoma ghafla na kuanza mstari mnene wa kuchomelea, hapo pamekatwa. Kukatwa si tatizo, mradi kilichooza kimetolewa na bati jipya likaingia mahali pake. Tatizo ni kiraka kilichowekwa juu ya uozo, na chini ya gari kukapuliziwa rangi nyeusi nzito inayonuka mpya. Rangi hiyo mbichi kwenye gari linalouzwa wiki hii, mimi huitilia shaka hata kabla ya kuigusa.

Toka chini, fungua boneti, tazama chini ya betri. Asidi ya miaka mingi hudondoka pale na kula kibao cha betri, kisha mhimili ulio chini yake. Ukiona kibao kipya kabisa lakini bati linalokizunguka lina mabonde yaliyopakwa rangi, kazi iliishia nusu.

Kisha omba chupa ya maji. Mwaga taratibu kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale penye waipa. Maji yanatakiwa yatokee nyuma ya magurudumu ya mbele. Majani na vumbi huziba njia hiyo, maji hutuama na bati la ndani huoza mahali ambapo fundi hafiki mpaka akate. Inua zulia upande wa abiria na wa dereva. Kama maji yametokea miguuni, au hayajatokea popote, ukarabati wa bodi haukufika huko, haijalishi rangi imetulia vipi.

Malizia kwenye kingo zilizo chini ya milango, kona ya bati nyuma ya mlango mbele ya gurudumu la nyuma, shimo la tairi la akiba na bati linaloshika taa za nyuma. Kona ile nyuma ya mlango ndiyo hujazwa puti, ile ya kusawazishia mabonde kabla ya rangi, kuliko sehemu zote. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa inatosha: inaposhika kwa unyonge, kuna puti. Ukipata kipimo cha unene wa rangi, kwenye gari lililorudiwa rangi mikroni 200 hadi 300 ni jambo la kawaida. Ikipita 1,000, unapima puti.

Kuna jaribio moja wauzaji hawalipendi. Gari likiwa chini, funga mlango na uangalie upana wa mwanya kati ya mlango na bodi. Liinue upande mmoja kwa jeki, kisha fungua mlango na ujaribu kuufunga tena. Kama mwanya umebana au mlango unakwaruza, bodi inapinda, maana yake kingo au mihimili haina nguvu. Niliwahi kulifanya kwenye gari moja zuri la kijani, mlango ukagoma kabisa kufunga. Mwenye gari alishangaa kweli. Naye aliuziwa hivyo hivyo.

Injini nitaipitia haraka, kwa sababu L24 ni injini ngumu na fundi mzuri huimudu. Iwashe ikiwa ya baridi. Moshi wa buluu kidogo kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za vali. Ukiendelea injini inapofanya kazi nzito, fikiria ringi za pistoni. Moshi mweusi ni mafuta mengi kutoka kwenye kabureta, marekebisho tu. Moshi mweupe usiokoma na maji ya radieta yanayopungua ni habari ya gasketi ya silinda hedi. Pima kompresheni silinda zote sita. Kulingana kwao kuna maana kuliko namba yenyewe. Gari la soko la Marekani la 1973 likiwa limefungwa kabureta za miaka ya mwanzo, usilikate bei: zile za mwaka huo zilisumbua, na wengi walizing'oa.

Barabarani, fungua madirisha kidogo uende mwendo wa kawaida. Ukisikia harufu ya ekzosi ndani, mipira ya mlango wa nyuma au ya taa za nyuma imekufa. Ni ugonjwa maarufu wa 240Z na si ghali kutibu, ila unakuonyesha kama aliyekarabati aliwahi kuliendesha gari lake. Sikiliza difu na shafti unapoachia na kukanyaga mafuta. Breki ni diski mbele na dramu nyuma, lisivute upande.

Kisha faili. Nataka picha za bodi ikiwa uchi, bila rangi, na walau moja inayoonyesha namba ya chasisi ili nijue ni gari hili hili. Nataka risiti za bati na jina la fundi, niende nikamuone. Fundi aliyefanya kazi nzuri huongea bila kubembelezwa. Atakuonyesha mpaka mabati ya zamani yaliyorundikwa nyuma ya gereji.

Ukishamaliza, gawa dosari mafungu mawili. Dashibodi iliyopasuka kwa jua, au iliyofunikwa kifuniko cha plastiki kuficha nyufa, vinyli ya ndani yenye michoro ya almasi iliyochanika, kabureta zisizosikilizana, bushi, shokapu, yote hayo yana bei inayojulikana. Ziandike mbele ya muuzaji, mjumlishe pamoja, mpunguze. Mihimili iliyooza, bodi inayopinda na namba zisizoeleweka hazina punguzo linalotosha kwa mtu anayeanza.

Muuzaji akikataa hesabu yako, mwachie namba ya simu na uende zako. Wanunuzi wa magari haya si wengi, na wauzaji kadhaa hupiga simu baada ya mwezi mmoja au miwili.