Gofu moja, majina matatu: tuandike lipi kwenye ramani?

SWALI: Salaam mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, kusini mwa jiji la Tanga, njia ya Pangani. Na wanafunzi wangu tunakusanya majina ya kale ya mahali na magofu ili tuchore ramani ya historia. Kuna gofu wazee wanalitaja kwa majina mawili, na ramani ya Wajerumani ina jina la tatu. Tuandike lipi? Na je, vipimo vya mahali vya GPS ya simu vinatosha?

JIBU: Salaam mwalimu. Andikeni yote matatu. Kuchagua kutafanyika baadaye, mezani.

Ila kabla hamjasema wazee wanapingana, muulizeni kila mmoja jina lake linaanzia wapi na kuishia wapi. Mara nyingi mmoja anataja gofu, mwenzake anataja shamba lililolizunguka. Mfano mnao hapo hapo: Mtangata, jina lililomo katika habari za Wareno, mpaka leo ni jina la ghuba, na Tongoni ni kijiji chenye magofu. Anayeandika tu "Tongoni, zamani Mtangata" amechanganya mambo.

Mzee msimhoji barazani tu. Akiweza kutembea, nendeni naye. Akifika kwenye mbuyu ndipo anakumbuka kisima kilichofukiwa nyuma yake. Visima waulizeni kina mama, na miamba na mikono ya bahari waulizeni wavuvi. Jina liandikwe linavyotamkwa, liwe la Kidigo, Kibondei au Kisegeju, bila kulisanifisha. Pembeni andikeni nani kasema, yeye alilisikia kwa nani, na tarehe. Wakiridhia, rekodini sauti.

Jina la ramani ya Wajerumani linakiliwa herufi kwa herufi kwenye safu yake. Wao sauti ya "y" waliiandika "j", ndiyo maana mtakuta Bagamojo. Matamshi mnayokisia yawe safu nyingine.

Simu inatosha kuonyesha gofu lilipo, haitoshi kuchora kuta. Chini ya minazi subirini usomaji utulie, kisha andikeni mmesimama kona ipi hasa. Kuta pimeni kwa futikamba. Na angalieni hili, maana linawasumbua hata wapimaji: ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuhesabia latitudo na longitudo, na simu inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Msipobadilisha, gofu litaonekana limehama karibu mita 300, na lawama ataibeba mzee wa watu.

Bebeni na dira. Kutoka Tanga kibla kiko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo ukuta wenye mihirabu hutazama huko, na makaburi ya Waislamu hulala mashariki–magharibi. Chumba cha mawe ya matumbawe kilichoelekea kwingine, msikimbilie kukiita msikiti.

Kabla ya yote pitieni kwa mwenyekiti wa kijiji. Watu wakiona mnapima, watadhani ardhi inachukuliwa, au mnatafuta mali za Mjerumani. Msichimbue wala kuokota hata kigae: majengo ya kabla ya 1863 yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimba kunahitaji kibali. Gofu lisilojulikana, vipimo vyake kamili pelekeni Idara ya Mambo ya Kale. Kwenye ramani ya kubandika ukutani shuleni, jina la kitongoji linatosha.